Fundi wa Ngong Road aliyetuthaminia fimbo za gofu za marehemu Baba

Baba alipofariki, Mungu amrehemu, aliacha nyumba ya Majengo, kipande cha shamba la minazi Kwale, baiskeli moja, na mkoba wa turubai wenye fimbo kumi na moja za gofu. Nyumba na shamba tulijua pa kuanzia. Mkoba ndio uliotushinda.

Sheikh aliyetusaidia kwenye mirathi alituambia kwamba kila chenye bei kiingie kwenye hesabu, na bei hiyo aiseme mjuzi, asiiseme mrithi. Mama apate thumni yake, kisha sisi watoto watano, wanaume wawili na wanawake watatu, tugawane kilichobaki. Haya, mjuzi wa fimbo za gofu za enzi ya Mwingereza anapatikana wapi Mombasa? Nilihangaika karibu miezi mitatu. Naandika maoni haya kwa ajili ya yeyote mwenye mkoba kama ule juu ya kabati, maana nimethaminiwa mara tatu, na ni mara moja tu nilipoondoka najua nilicho nacho.

Baba alianza kubeba mikoba kwenye uwanja wa gofu wa Mombasa, ule wa ukingoni mwa bahari, akiwa kijana mdogo. Uhuru ulipokaribia, Wazungu wengi walifungasha. Magari waliuza, samani waliuza, lakini fimbo kuukuu za mipini ya mbao, ambazo hata wao walikuwa wameacha kuzichezea, wengine waliwaachia makedi, yaani wale wabeba mikoba. Baba alipewa chache, nyingine akaziongeza mojamoja miaka iliyofuata. Jioni maji yakitoka alikuwa akishuka ufuoni na fimbo moja, ileile siku zote, akapiga mipira chakavu kwenye mchanga mgumu, nasi watoto tukikimbia kuiokota. Kwa hiyo fimbo zile nazijua kwa mikono. Bei ndiyo nilikuwa siijui.

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyetutia joto. Alisoma kwenye simu kwamba mwaka 2007, katika mnada wa Sotheby's New York, fimbo moja ya kale ya kusukumia mpira shimoni iliuzwa dola 181,000. Ni kweli, iliuzwa. Ilikuwa ya mbao, yenye kichwa kirefu chembamba, inayohusishwa na Andrew Dickson, fundi wa Uskoti wa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, ambaye naye utotoni alimbebea fimbo Mtawala wa York. Lakini kaka alipoona "kale" na "gofu" akawa ameshafunga hesabu. Usiku uleule alichukua msasa na mafuta ya taa, akaanza kuing'arisha fimbo ya ufuoni ili itoke vizuri kwenye picha. Nilipomkuta alikuwa amemaliza uso na nusu ya mgongo.

Picha tulizituma kwenye tovuti moja ya ng'ambo inayothamini vitu vya kale. Unalipa kwanza kwa kadi, dola 30. Siku ya tatu likaja jibu: zote pamoja ni kati ya dola 1,200 na 1,500, "thamani ya bima". Hawakuomba picha ya nyuma ya kichwa hata kimoja. Hawakutaja jina la mtengenezaji hata mmoja. Nilipowaandikia kuuliza kama hiyo ndiyo bei ya kuuzia, wakanirudishia barua ileile neno kwa neno. Nikampelekea mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale hapa mjini. Yeye alizitazama kutoka alipoketi, akasema elfu tatu, zote, pamoja na mkoba. Basi kaka akashikilia dola 1,500, dada yangu mdogo akasema tuchukue elfu tatu tupumzike, na wiki mbili nzima nyumbani hapakuliwa chakula kwa raha.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyekuwa kedi pamoja na Baba. Alikuja kumjulia hali Mama, akasikia tunavyobishana, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mpelekee fundi wa Ngong Road." Fundi mwenyewe, anayetengeneza fimbo za gofu, ameniomba nisiandike jina lake wala namba, kwa kuwa ni mtu mzima na simu zinamchosha. Ukifika Nairobi, upande ule wa viwanja vya gofu, uliza makedi. Hakuna asiyemjua.

Nilipanda treni ya asubuhi kutoka Miritini. Pale ukaguzi mizigo hupangwa chini kwa mstari mbwa akapita kuinusa, na mkoba wa Baba ulipangwa katikati ya masanduku ya watu, vichwa vya fimbo vimechungulia nje. Askari akaniuliza, "Mama, hizi za kwako?" Nikamwambia ni za marehemu baba yangu. Akazirudisha mwenyewe, mojamoja, bila kuzigonganisha.

Karakana ni chumba cha mabati chenye dirisha moja, meza yenye jiliwa, makopo ya gundi, na nyuzi nyeusi zilizopakwa nta zimening'inia msumarini. Nilimwamkia, akaitikia, akautazama mkoba kabla hata sijautua.

"Umetoka nazo pwani."

"Umejuaje, mzee?"

"Kutu. Ya huku bara inakaa juu kama vumbi. Ya kwenu inachimba."

Sasa nieleze alivyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo nilipoona tofauti ya mtu anayejua. Hakuanza na vichwa. Alizigawa kwanza kwa mipini: zinazoonekana za mbao tano, za chuma sita. Kisha akachomoa sumaku ya spika mbovu akaipitisha kwenye kila mpini wa mbao. Nne zilinyamaza. Ya tano, pata (fimbo ya kusukumia mpira shimoni) ya Spalding yenye alama ya kunguru, fimbo ambayo sote tungeapa ni mbao tupu, sumaku iliruka ikanata. Ni bomba la chuma lililovishwa rangi na mistari ya mbao. Akanieleza kwamba wakubwa wa mchezo kule St Andrews, Uskoti, waliruhusu mipini ya chuma mwaka 1929, Marekani wakiwa wametangulia miaka mitano, lakini wachezaji wengi walikuwa wamezoea kuona mbao mikononi, ndipo viwanda vikawa vinapaka chuma kifanane na mbao. Miaka hiyo yote Baba alikuwa akiipaka mafuta ya nazi ile pata ili "mti usikauke".

Zile nne zilizonyamaza ni hikori, mti wa Marekani, mgumu lakini unaopinda na kurudi. Alizielekeza dirishani akafuata nyuzi za mti kwa jicho kutoka juu hadi shingoni, akitafuta ufa. Moja ilikuwa nao: ile ya kichwa cha mbao yenye bamba la shaba chini, ambayo zamani iliitwa brassie kwa sababu ya bamba hilo. Ufa wenyewe mwembamba kama unywele, umeanzia pale uzi uliozungushwa shingoni ulipooza ukaachia.

Kisha mihuri, na hapa nilimsaidia. Nafundisha shule ya msingi, na mkoba wangu haukosi chaki. Mwanga ulikuwa hafifu, naye alikuwa anainamisha kichwa cha fimbo huku na huku akitafuta kivuli cha maandishi. Nikamtolea kipande cha chaki. Akatabasamu, akaisugua kidogo nyuma ya fimbo ya pili, akapangusa kwa kidole gumba. Unga mweupe ukabaki kwenye mabonde tu, na mbele ya macho yangu ikatokea nyota. "Gibson," akasema. "William Gibson wa Kinghorn." Ya tatu, yenye kichwa kipana cha kuchotea mpira mchangani, ikatoa mkono uliofunguliwa: George Nicoll wa Leven. Kumbe mafundi wa Uskoti walipiga alama zao kwenye chuma kama sisi tunavyotia alama mbuzi, na kila fundi na yake.

Halafu akaishika ya ufuoni. Nyuma imeandikwa Mashie, hilo ndilo jina lake la zamani, maana fimbo za zama hizo ziliitwa kwa majina, na namba zikaja kushika nafasi hiyo miaka ya 1930. Akapaka chaki. Likatokea bomba jembamba la kiko cha tumbaku, linakuja, linakuja, halafu halipo. Pale ambapo kikombe cha kiko kilipaswa kuwa palikuwa na chuma kitupu, cheupe, chenye mikwaruzo ya msasa. Alikaa kimya muda. Akauliza nani aliyefanya hivi, nikamwambia kaka yangu, hakujua.

"Hiki ni kiko cha Tom Stewart wa St Andrews," akasema. "Hiki ndicho watu wanachotafuta. Mwambie kaka yako kutu haikuwa adui. Kitambaa kikavu, tone la mafuta mepesi, basi."

Chini ya kiko lilibaki jina la mtu, ambalo nyumbani tulikuwa tukiamini ni la Mzungu aliyempa Baba fimbo. Si hivyo. Stewart aliuza vichwa kwa walimu wa gofu, wao wakavitia mipini na kupiga majina yao, wakauza kwenye viduka vyao viwanjani. Hilo likatuondolea hadithi moja ya familia, na nilisikitika kidogo, kwa sababu tangu utotoni nilikuwa nimempa yule bwana sura na masharubu.

Lakini akanipa nyingine badala yake. Alichukua kidole changu gumba akakiweka katikati ya uso wa ile mashie. "Papasa." Msasa ulikuwa umelainisha juu, ila chini yake mna kibonde, duara dogo lisilozidi sarafu ya shilingi, ambalo jicho halilioni. Akanigeuzia chini ya fimbo: upande wa kisigino umelika, umekuwa mwembamba kuliko ncha. Akaniambia mwenye fimbo hii alipiga mahali pamoja, miaka mingi, na alipigia kwenye mchanga. Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu ufuoni. Nilibaki na kidole pale pale mpaka akaniomba fimbo yake aendelee.

Kuhusu umri alikuwa mwangalifu, na hilo lilinifanya nimwamini zaidi. Nyuso za chuma laini kabisa, zisizo na mistari wala nukta, kwa kawaida ndizo za zamani zaidi. Zetu zina nukta na mistari, iliyoenea baada ya mpira wenye moyo wa raba kushika mchezo mwanzoni mwa karne ya 20. Akaandika "kati ya 1910 na 1930" kwa zote nne. Nilipomwomba anipe mwaka, akakataa.

Za chuma alizipitia haraka. Tano zina sahihi ya Henry Cotton, yule Mwingereza aliyeshinda Open, mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, mara tatu, 1934, 1937 na 1948, na kaka alikuwa ametilia matumaini makubwa kwamba Cotton alizitia sahihi kwa mkono wake. Ni sahihi ya kiwandani, imepigwa kwa mashine kwenye fimbo zisizo na idadi. Shilingi 500 kila moja, kwa mtoto anayejifunza. Ya mwisho ilikuwa pata ya Ping, aina ya Anser, ambayo mchezaji mmoja mgeni alimwachia Baba. Hapo fundi aliinuka akaipeleka dirishani kusoma maandishi, nami moyo ukaanza kwenda mbio. Karsten Solheim aliibuni mwaka 1966 akiwa Arizona, na za mwanzo kabisa zimepigwa jina la mji wa Scottsdale. Hizo watu huzilipia pesa nyingi. Yetu imeandikwa Phoenix, na namba ya posta 85068. Ya baadaye. Nzuri ya kuchezea, akasema, na mnunuzi wake hatakawia.

Bei alizitoa kwenye daftari. Ana daftari la shule lenye jalada la kijani ambamo ameandika kila fimbo ya kale aliyoona ikiuzwa kweli, tarehe na pesa iliyolipwa. Zile bei ambazo wauzaji wanaomba mitandaoni hazimo. Alinionyesha kwenye simu yangu fimbo ya Gibson kama yetu inayoombwa dola 250, akaniuliza, "Imenunuliwa?" Haikuwa imenunuliwa. Za kawaida za hikori, hata za mafundi wenye majina, ni nyingi mno duniani. Viwanda vya Uskoti vilizitoa kwa maelfu, na dola 1,500 za ile tovuti zilikuwa hesabu ya kununua upya dukani London, wala si ya mjane wa Majengo anayetaka kuuza.

Akaandika karatasi kwa mkono, mstari kwa mstari. Gibson 5,000. Nicoll 5,000. Brassie 4,000, ikifungwa uzi upya. Spalding 2,500. Za Cotton 2,500 zote tano. Ping 6,000. Na ya ufuoni: "Stewart, 3,000. Isingepigwa msasa, 7,000." Jumla shilingi 28,000. Nikamuuliza kama atazinunua yeye, maana nilitaka kumaliza. Akasema anayepima asinunue, na akanisomea majina ya wateja watatu wanaocheza kwa fimbo za hikori mpaka leo.

Karatasi hiyo sheikh aliipokea bila swali. Thumni ya Mama ikawa 3,500; iliyobaki 24,500 ikagawanyika mafungu saba, wanawake 3,500 kila mmoja, wanaume 7,000 kila mmoja. Sijawahi kuona hesabu ya mirathi ikitua vizuri namna ile. Kaka aliisoma karatasi kimya hadi alipofika mstari wa Stewart, akauweka kidole pale. Baadaye akasema ile 4,000 iliyopotea ikatwe kwenye fungu lake. Mama alikataa. Alisema baba yenu mwenyewe alikuwa akiisugua mchangani.

Sasa mapungufu, kwa sababu yapo. Fundi aliniambia siku moja, zikawa mbili, na ilibidi nilale kwa binamu yangu Kawangware na kubadilisha tiketi ya treni. Hana risiti wala karatasi yenye nembo. Kama unahitaji barua ya kampuni ya bima au ya mahakama, hapa hutaipata. Mwandiko wake ni wa kubahatisha, nilimwomba anisomee kila mstari kabla sijaondoka, na wewe fanya hivyo. Brassie aliahidi wiki moja, ikaja na dereva wa basi baada ya wiki tatu na nusu. Ufa ameuziba imara, ila uzi mpya wa shingoni unang'aa mweusi tititi karibu na mti uliochakaa, na mimi ningependa angeufifisha. Malipo ni shilingi 300 kwa fimbo kuitazama, zangu zikawa 3,300, na matengenezo ya brassie 1,800. Kwa alichonifundisha ndani ya siku mbili naona ni kidogo. Nampa nne na nusu kwa tano, na hiyo nusu nimeikatia kuchelewa.

Mkoba wako uache kama ulivyo. Usiufungue mshiko wa ngozi hata kama umeoza, kwa sababu ngozi ya asili ina bei yake na huonyesha kwamba mpini haujabadilishwa. Kile kipini kinachopita shingoni mwa fimbo za kichwa cha chuma kukiunga kichwa na mti, usikigonge. Na ukiona fimbo "ya kale" yenye kichwa cha shaba kinachometa, mpini umepigwa vanishi nzito, na jina lisilo la fundi yeyote, huenda ni pambo la ukutani la hoteli; alikuwa nazo mbili kwenye kona, wenyewe walizileta kwa matumaini kama ya kaka yangu, wakazitelekeza.

Mpaka naandika, tatu zimeuzwa, zote kwa wateja aliotutajia. Gibson imeleta 4,800, Nicoll 4,500, Ping 6,500. Alikadiria 16,000, tumepata 15,800. Ya ufuoni nimeichukua mimi kwenye fungu langu, kwa ile 3,000 aliyoiandika, na sijaigusa ila kwa kitambaa kikavu.

Jumatatu hafungui. Nenda asubuhi, kabla jua halijahama dirishani, na ubebe chaki. Ile niliyomwachia itakuwa imekwisha.